Fundi Boila wa Timu ya Povu

Nimeshtuka mara nyingi maishani. Nilishtuka mume wangu wa kwanza alipomuoa jirani yangu, na nikashtuka zaidi jirani huyo alipokuja wiki ileile kuniazima kinu. Lakini mshtuko wa siku ya orodha pale kiwandani haujanitoka mpaka leo, kwa sababu chungu chenyewe niliinjika mie kwa mikono yangu.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, mwaka 1994. Kiwanda chetu cha mafuta na sabuni, huku Temeke, kilikuwa mali ya umma tangu kijengwe, na sasa kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji. Tulikuwa wafanyakazi mia sita na arobaini. Asubuhi ile majina ya watakaobaki yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na geti, na yalikuwa mia moja na tisini tu. Watu walisukumana mpaka kioo cha ubao kikapasuka. Wengine walisoma majina yao mara tatu, wengine waliyatafuta mpaka chini kabisa kwenye sahihi ya meneja, kana kwamba huenda yamejificha huko.

Mie nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya utumishi, lakini orodha hiyo haikupita mikononi mwangu. Ilitengenezwa mjini na watu wasiotujua kwa sura, kwa kusoma mafaili tu. Nilijipenyeza, nikaliona jina langu, Chausiku Kibwana, nikamshukuru Mungu. Kisha macho yakateremka hadi Idara ya Mitambo, nikasoma: Jabiri Mwinyimkuu, Fundi Boila Daraja la Pili, anabaki.

Nilishika ukuta. Jabiri hakuwa fundi boila. Jabiri alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Kwa miaka tisa aliyokula mshahara wa kiwanda, hakuwahi kuligusa boila hata kwa kuliegemea.

Nyuma yangu alisimama mzee mfupi, akinyoosha shingo. Huyo ndiye aliyekuwa fundi boila wa kweli, Mzee Albano, Mnyamwezi wa Tabora, na siku hiyo hakuwa na miwani yake.

"Nisomee, mama," aliniambia. "Nimo?"

Hakuwamo. Nilimwambia sijafika huko chini, nikaondoka haraka kama mwizi.

Kwa asiyelijua, boila ni pipa la chuma lenye ukubwa wa chumba. Chini yake kuna tanuri la mafuta mazito, ndani yake maji, na mvuke wake ndio unaopika sabuni. Bila boila kiwanda ni bohari tu. Na likiwashwa vibaya haliunguzi kidole, linaangusha ukuta na waliomo ndani yake. Sasa orodha ilisema kwamba Jumatatu inayofuata kiwanda kitafunguliwa upya, na mtu wa kuliwasha ni senta wa timu ya kikapu.

Yote haya yalianza mwaka 1985. Nyakati zile sabuni ilikuwa lulu. Mtu alikuwa anaweza kukuposa kwa miche miwili ya sabuni na wazazi wakakaa kikao. Kila shirika la umma lilitaka kuwa na timu ya michezo, na siasa ilikuwa hairuhusu mchezaji wa kulipwa. Huo ulihesabiwa ubepari. Kilichoruhusiwa ni mfanyakazi anayependa michezo. Basi ukimtaka mchezaji unamwajiri, unampa cheo, anacheza, na mwisho wa mwezi anapanga foleni dirishani pamoja na wanaotoa jasho la kweli.

Afisa Utumishi wetu wakati huo alikuwa Mzee Kamugisha, Mhaya mwenye suti nne na mapenzi makubwa na mpira wa kikapu. Jumapili moja alikwenda Upanga kwenye kiwanja cha saruji, akamwona kijana wa Kizaramo kutoka Temeke, futi sita na inchi tano, anaruka na kuokota mipira juu ya vichwa vya watu kama anachuma mapera. Jumatatu asubuhi aliingia ofisini ametota jasho utadhani yeye ndiye aliyecheza.

"Chausiku, funga mlango," alisema. "Nitafutie nafasi iliyo wazi. Yenye mshahara wa heshima."

Nafasi ilikuwa moja, ya fundi boila. Ilikuwa wazi miaka yote kwa sababu ilitaka mtu mwenye cheti, na Mzee Albano, aliyeliendesha boila hilo tangu kiwanda kinafunguliwa, aliishia darasa la nne. Kwenye karatasi aliandikwa mfagizi wa yadi.

"Bosi," nilimuuliza, "huyo kijana ana cheti cha boila?"

"Ana urefu," alinijibu.

Nikachapa. Nilichapa kwamba mwombaji ana uzoefu wa kutosha wa mitambo ya mvuke, na kila mwaka nikachapa fomu ya siri ya tathmini, na kila mwaka Mzee Kamugisha akaniambia niweke alama ya juu. Bora Sana kwa utunzaji wa mitambo. Bora Sana kwa uangalifu kazini. Nilikuwa nachapa huku nacheka, natafuna karanga.

Na alikuwa mchezaji, jamani, tusimnyime haki yake. Timu yetu iliitwa Povu. Jabiri akiwa chini ya kikapu, wapinzani walikuwa wanabaki wanamtazama kama watu waliokosa treni. Akifunga pointi thelathini alipewa katoni nzima ya sabuni, na alipokuwa anashuka nayo begani mtaani Temeke, watoto walimfuata wanaimba Povu, Povu. Alimwoa Munira, binti wa Kizaramo mwenye sauti na msimamo, kwa sifa hizo hizo. Wakapewa nyumba ya kiwanda, vyumba viwili na bomba uani.

Yeye na Mzee Albano walikuwa watani, Mzaramo na Mnyamwezi, na mtani kama ujuavyo humkasirikii. Anaweza kukutukana kwenye msiba wa mama yako na wewe ukacheka. Kila Jabiri alipopita karibu na chumba cha boila, mzee alisimama wima na kupiga saluti.

"Fundi mkuu, moto umewaka. Njoo ukague."

"Zima, bwana," Jabiri alimjibu. "Nataka kulala."

Yadi nzima ilicheka. Mwaka 1988, siku ya Mei Mosi, Jabiri alitangazwa Mfanyakazi Bora wa Idara ya Mitambo, maana mafaili ndiyo yaliyosema hivyo, akapewa cheti na baiskeli. Mzee Albano mwenyewe ndiye aliyeisukuma baiskeli ile mpaka nyumbani kwa Jabiri, huku anaimba na kudai kwamba aliyezawadiwa, Jabiri, ni mke wake. Sie tulikuwa hoi kwa kucheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu anaibiwa pale mchana kweupe, na mwenyewe anasukuma mzigo.

Kisha dunia ikageuka. Ruksa ya biashara ikaja, maduka yakajaa sabuni za kutoka nje zenye harufu ya maua, na katoni ya sabuni yetu ikawa zawadi ya kumpa mtu usiyempenda. Mwaka 1991 goti la Jabiri lilivimba kwenye mechi na halikurudi sawasawa. Mwaka uliofuata bodi ikasema michezo siyo biashara, ikavunja timu. Wachezaji walitawanyika. Theonest, aliyekuwa na mikono myepesi kuliko mchawi, akauza viatu vya mitumba Manzese. Anwar akapata kazi ya kupaka rangi dari za watu bila kutumia ngazi. Jabiri peke yake alibaki, kwa kuwa faili lake lilisema yeye ni fundi. Alikuja kila siku, akakaa stoo kucheza drafti na kupaka goti dawa. Nafasi yake ilikuwa imekaa kwenye karatasi kama nanga, na hakuna aliyekumbuka kuing'oa.

Ndiyo maana jioni ya siku ya orodha niliposikia hodi, nilijua ni nani kabla sijainua macho. Nilikuwa ukumbini nachambua mchele. Aliinama kupita mlangoni, akakaa kwenye kigoda changu, magoti yakamfika kidevuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Munira keshachinja kuku," alisema. "Kaita na majirani. Anasema Mungu katukumbuka. Mie nimekaa pale nakula, dada, nyama haishuki. Jumatatu naenda kuua watu."

"Usiwashe, basi. Jifanye mgonjwa."

"Mpaka lini? Dada Chausiku, wewe ndo ulochapa. Twende kwa meneja mie na wewe, tumwambie ukweli. Mzee Albano arudishiwe kazi yake. Ukiwepo wewe atatuamini."

Hapa ndipo ninapoona haya. Nilikuwa na watoto watatu wanasoma, na jina langu lilikuwa kwenye ubao. Nilimtazama kijana niliyemtengeneza kwa mashine yangu ya kuchapa, nikamjibu kama karani wa dirishani.

"Ukweli utanilipia ada? Nenda kwa mtani wako akufundishe. Una wiki nzima."

Aliondoka bila kuaga. Kesho yake nilimfuata hadi Keko kwa Mzee Albano, labda kwa huruma, labda kwa kutaka nijue kama jina langu litatajwa. Tulimkuta mzee amekaa nje ya chumba chake, anashona kiatu. Jabiri alimwamkia, akachuchumaa kwa shida kwa sababu ya goti, akamweleza yote.

"Nikufundishe kwa wiki?" Mzee Albano aliuliza. "Mie limenichukua miaka kumi na saba, na bado kila asubuhi naliogopa."

Jabiri akajaribu utani, maana ndiyo lugha waliyoizoea.

"Kwa hiyo mtani unaniacha nilipuke?"

Siku zote mzee angemjibu, lipuka nimrithi Munira. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Mzee Albano aliweka sindano chini.

"Miaka tisa nimecheka," alisema, "nikidhani tunataniana mie na wewe. Kumbe karatasi ilikuwa haitanii. Nenda, mwanangu. Leo sina cha kukujibu."

Hakumtukana. Mtani asipokutukana ujue jambo limeharibika. Jabiri alitembea mbele yangu njia nzima, na mie nilikuwa nahesabu nyufa za barabara.

Jumatano aliingia peke yake kwa meneja mpya. Meneja alikuwa kijana wa Kitanzania aliyesomea nje, ana saa kubwa na haraka kubwa zaidi. Meza yangu ilikuwa chumba cha mbele, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Jabiri alisema: mie si fundi, mie nilikuwa mcheza kikapu, fundi ni Mzee Albano, naomba mnitoe mumrudishe yeye. Aliyasema bila kutetemeka, kama mtu aliyeyakariri.

Nilitegemea kishindo. Badala yake nilisikia kurasa za faili zikifunuliwa, kisha meneja akacheka.

"Bwana Mwinyimkuu, siku tatu hizi kila anayeingia hapa analia abakishwe. Wewe unalia uondolewe. Unataka kiinua mgongo ukafungue duka, sio? Una Bora Sana tisa hapa. Una cheti cha Mei Mosi. Mimi nimefanya kazi nchi tatu, sijaona faili safi kama hili."

"Ni uongo, bosi. Muulize dada hapo."

Niliitwa. Meneja alinyanyua fomu.

"Mama, hizi umechapa wewe?"

"Ndiyo."

"Ni za kweli?"

Jabiri alinitazama. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: mtu anaomba afukuzwe kazi ili watu wasife, na mie ninayejua yote nimesimama nashika ukingo wa gauni langu.

"Nimechapa nilichopewa nichape," nilisema.

Halikuwa jibu, na wote watatu tulijua halikuwa jibu. Meneja alifunga faili. Jabiri akasimama, kichwa chake karibu kiguse pangaboi.

"Basi twende ukaniangalie nikiliwasha."

"Jumatatu utaliwasha."

"Leo, bosi. Sasa hivi. Ukishaona, utaamua."

Habari zilikimbia kiwandani kuliko moto wenyewe. Tulipofika chumba cha boila, watu zaidi ya mia walikuwa wamejaa mlangoni na madirishani, waliobaki na waliopunguzwa, wale waliokuja kuchukua barua zao. Wengine bado walikuwa na furaha ya zamani. Mmoja alipiga kelele, "Povu!" Watu wakacheka. Mie sikucheka. Nilisimama nyuma ya Tekla, mhudumu wa ofisi, nikashika bega lake.

Jabiri alisimama mbele ya lile chuma. Uwanjani nilikuwa nimemwona akizungukwa na watu watano na asibabaike. Hapa alikuwa peke yake na mikono haikujua iende wapi. Alitazama mabomba, akatazama magurudumu ya kufungulia, akasema bismillahi. Akafungua bomba la mafuta, kwa kuwa lilikuwa na rangi nyekundu na lilikuwa karibu. Tukasikia mafuta yakimwagika tanurini. Kisha akachukua mwenge, fimbo ya chuma yenye tambara, akaanza kutafuta kiberiti. Njiti ya kwanza ikakatika. Ya pili ikazimika. Mafuta yanaendelea kumwagika. Meneja anaangalia saa.

Ya tatu ikawaka. Tambara likashika moto. Jabiri akaupeleka mwenge kwenye mdomo wa tanuri.

Sikuwahi kumwona Mzee Albano akikimbia kabla ya siku ile. Alitoka kwenye kundi la waliokuja kuchukua barua, akapita katikati yetu kama mtoto wa miaka kumi, akaruka, akaupiga mwenge kwa mkono mtupu ukaangukia sakafuni, akaukanyaga, akafunga bomba la mafuta kwa mkono wa pili. Yote kwa pumzi moja. Kisha akamgeukia Jabiri, akamzaba kofi. Ilibidi aruke ili kulifikisha.

"Maji kwanza!" alipiga kelele. "Unaangalia maji kwanza! Halafu unapuliza hewa! Halafu ndo mafuta kidogo, na moto uko tayari! Ungetumaliza wote, mjinga wewe!"

Harufu ya mafuta ilikuwa imejaa chumba, na sakafuni tambara bado lilikuwa linatoa moshi. Ndipo akili ikatuingia wote kwa pamoja. Watu walianza kurudi nyuma polepole, kisha wakatawanyika mbio. Tekla alikaa chini pale pale, akaanza kulia.

"Huyu nani?" meneja aliuliza, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Mfagizi," mtu alisema.

Jabiri alikuwa ameshika shavu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya watu waliokuwa wanaimba jina lake.

"Sasa umeamini, bosi?" aliuliza.

Meneja aliamini, na akaamini kwa hasira ya mtu aliyeaibishwa. Jioni ileile Jabiri alipewa barua ya kufukuzwa kwa udanganyifu, bila kiinua mgongo, na siku saba za kuhama nyumba. Mzee Kamugisha alikuwa ameshastaafu, yuko Bukoba na migomba yake. Mie hakuna aliyeniuliza kitu. Mpiga chapa ni kama utepe wa mashine, nani atauhoji utepe? Barua ya Jabiri nilichapa mie.

Kwa Mzee Albano aliletwa mkaguzi wa serikali. Alimhoji siku mbili mbele ya boila, akamwambia afungue hiki, afunge kile, aeleze kwa nini. Mwisho akampa cheti na kumpa mkono. Akiwa na miaka hamsini na sita, mzee akaandikwa fundi.

Jabiri na Munira walihamia chumba kimoja Mtoni. Nilisikia Munira anakaanga samaki, na kwamba kwa mwezi mzima hakumsemesha mumewe, kisha siku moja akamsemesha. Sikwenda kuwaona. Nilipokuwa na safari ya upande ule, nilizunguka njia nyingine.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, 1995, nilikuwa naingia kazini nikaona foleni ya vibarua getini, wale wanaochukuliwa kwa siku. Katikati yao kulikuwa na shingo iliyozidi wote. Moyo ulinilipuka. Alikuwa amevaa ovaroli iliyomfika katikati ya miguu.

Mzee Albano ndiye aliyemwomba. Alihitaji mtu wa kuingia kukwangua masizi kwenye mabomba, akasema anamtaka yule mrefu. Ofisi haikuwa na neno, kibarua hana faili. Wahuni wa getini walimpigia kelele, "Senta, umesajiliwa tena?" Alicheka nao, akapita.

Siku tatu nilijikaza, ya nne nikaenda chumba cha boila wakati wa chai. Alikuwa mweusi kwa masizi, meupe macho na meno tu.

"Jabiri," nilisema, "ile siku kwa meneja..."

"Yaishe, dada."

"Hayajaisha. Nilikuacha peke yako."

Alijifuta mikono.

"Nakuambia kitu kilichoniuma," alisema. "Si kazi, wala nyumba. Ni kwamba nilisimama pale mbele ya watu, mtu mzima, miaka tisa naitwa fundi, sijui hata pa kuanzia. Siku ile nilijiona kama mfuko wa rambo, nailoni tupu. Nimemwomba mzee anifundishe, hata akinilipa matusi."

"Matusi anayo," Mzee Albano alisema kutoka nyuma ya mabomba. "Tena ya kutosha ukoo wake mzima."

Jabiri akacheka, na mie nikacheka, nikarudi ofisini nikijidanganya kwamba nimesamehewa.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, simu ya maandishi ilifika kutoka Tabora. Kaka yake Mzee Albano alikuwa amefariki. Mzee alipanda treni siku hiyo hiyo. Kesho yake saa moja asubuhi Tekla aliingia ofisini macho yamemtoka.

"Mama Chausiku, umesikia? Boila linawashwa."

"Na nani? Mzee si kasafiri?"

"Na yule mrefu. Mzee kaacha agizo. Yuko peke yake."

Sikumbuki kuamua kitu chochote. Nakumbuka nimeshavua viatu, mkoba uko kwapani, nashuka ngazi tatu tatu. Nyuma yangu nilisikia viti vinaanguka. Ofisi nzima ilinifuata: utumishi, uhasibu, masjala, hata yule mzee wa stempu aliyekuwa hatembei bila bakora. Tulitoka getini, tukasimama ng'ambo ya barabara kwa muuza maandazi, kila mtu ameshika mwenzake. Nilikuwa mbele ya wote. Nilijibana nyuma ya meza ya maandazi, mikono masikioni, nikasubiri kishindo.

Kishindo hakikuja. Bomba la moshi lilikohoa moshi mweusi, mzito, tukapiga yowe. Kisha moshi ukapungua, ukawa wa kijivu, ukawa mwembamba, ukapanda juu umenyooka. Kutoka ndani tukasikia mvuke ukipita kwenye mabomba kuelekea kwenye masufuria ya sabuni.

Jabiri alitoka nje ya chumba cha boila, akainua uso kutazama rangi ya moshi, kama anavyofanya Mzee Albano kila asubuhi. Alipoteremsha macho alituona. Mafundi wenzake na vibarua walikuwa wote ndani, kila mmoja kwenye kazi yake. Waliokimbia tulikuwa sie wa karatasi. Nilitaka ardhi inimeze. Mara tisa nilikuwa nimemwandika Bora Sana kwa uangalifu kazini, na siku ambayo neno lile lilikuwa kweli nilikuwa mtu wa kwanza kufika barabarani.

Alinitazama mie tu. Hakucheka, na hakuonyesha hasira, ingawa ningeshukuru kama angenitukana. Kisha akageuka akarudi ndani kuangalia maji.

Nilikaa kwenye mchanga kando ya meza ya maandazi, nikavaa viatu vyangu. Tekla aliniuliza mara mbili kama naumwa, na mara zote mbili nilimwambia ndiyo.